Umemaliza shule unataka kuwa dizaina wa grafiki? Mwongozo kamili mpaka mteja wa kwanza anayelipa

Kila mwaka ikifika Desemba napata meseji zilezile: kaka shikamoo, nimemaliza kidato cha nne, nataka kuwa dizaina, nianzie wapi. Namjibu, ananishukuru, halafu mwezi wa sita anarudi kuniambia ameangalia video mia mbili, ana posta kali sana kwenye simu na hajawahi kulipwa hata buku. Au kalipwa mara moja, kazi ikaprintiwa ikatoka ya ajabu, mteja kakasirika na hajaonekana tena.

Nimeshaziangalia kazi zao na wengi hawako vibaya, shida wamejifunza skrini peke yake. Hapa kwetu pesa ya kuanzia ya dizaina inatoka kwenye vitu vinavyoshikika, kadi ya mchango, bango la duka, fulana ya kikundi, stika ya chupa ya asali, kwahiyo kama faili lako linafia kwa mchapaji basi we bado hujaanza kazi. Huu mwongozo nimeupanga kwa mpangilio huo, na nimeuandika nikiwa nafikiria kijana wa Dar, ila ukiwa Mwanza au Mbeya badilisha majina ya mitaa tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta, hata ya mtumba. Angalia RAM isipungue GB 8 na diski iwe SSD, zile za kasi. Usinunue kwa kuangalia ganda, nenda na faili kubwa kwenye fleshi ulifungue pale dukani, likichukua dakika tatu kufunguka rudisha mashine kwa mwenyewe. Kama huna kompyuta kabisa, hatua ya 1, ya 3 na ya 6 zinawezekana kwa simu, zilizobaki utaazima.

Programu mbili. Moja ya vekta, yaani inayochora kwa mistari ambayo ukiikuza haipasuki, na moja ya picha. Za bure zipo: Inkscape ya vekta, GIMP ya picha, na Photopea inafunguka kwenye brauza bila kuinstoli chochote. Affinity nayo tangu 2025 inatolewa bure ila inataka mashine yenye nguvu zaidi. Maduka mengi ya kuprinti utakuta wanatumia CorelDRAW, na Illustrator kwa wenye uwezo, kwahiyo usishangae ukiikuta huko. Zile za kukraki mi nakushauri uachane nazo, sio kwa ajili ya ulokole, ni kwamba ukishapigwa na virusi wiki ya harusi ya mtu mafaili yote yanaenda na hakuna wa kumlalamikia.

Rula ya sentimita. Usicheke. Utaitumia kuliko mausi.

Fleshi ya GB 32 na akaunti ya Google, maana Drive inakupa GB 15 bure za kuhifadhia.

Boksi la sampuli. Anza leo kuokota flaya, kadi za harusi zilizopita, pakiti za majani ya chai, vibandiko, tiketi. Tutazihitaji.

Canva, ile ya kudizaini kwa templeti zilizotengenezwa tayari, nayo weka, sina ugomvi nayo, ila usiifanye ndio kila kitu, kwa sababu templeti uliyoitumia wewe na mwenye saluni jirani anayo, na siku akigundua hilo hatakulipa tena.

## Hatua ya 1: Kaa kwa wachapaji wiki mbili

Kabla ya video hata moja. Nenda steshenari ya mtaani kwenu au kama unaweza kufika Kariakoo nenda kwenye vile vichochoro wanakoprinti kadi na mabango. Mtihani wa kidato cha nne unaisha mwishoni mwa mwaka, na kipindi hicho ndio watu wanagombania kalenda na kadi za mwaka mpya, wachapaji wanazidiwa na mikono inahitajika.

Usiende kuomba ajira. Sema hivi tu: "Shikamoo mzee. Naishi hapo nyuma ya msikiti, nimemaliza shule, naomba niwe nakuja asubuhi nisaidie kukata na kupanga, nataka kuona kazi inavyotoka." Wengine watakufukuza, jaribu la pili na la tatu. Wa nne atakupa ufagio, upokee.

Ukishakuwa ndani angalia mambo haya: mteja anasema nini akifika, faili linafunguliwa kwa programu gani, kwanini fundi anaguna akilifungua, karatasi ya gramu ngapi, yaani uzito gani, inatumika kwenye kadi na ipi kwenye flaya, na kazi gani zinarudishwa. Andika kwenye daftari. Muulize fundi swali moja kwa siku, yeye anahangaika na oda za watu.

Onyo: usiguse mashine ya kukatia bila kuelekezwa. Ile haichagui karatasi na kidole.

Utajua umefanikiwa ukishika kadi na ukaweza kusema imeprintiwa kwenye karatasi gani, ina laminesheni (ile plastiki nyembamba ya juu) au haina, na mahali fundi alipokosea kukata.

## Hatua ya 2: Siku 30 za kukopi kwa mkono

Fungua lile boksi la sampuli. Kila siku chukua kitu kimoja, kipime kwa rula, halafu kichore upya kwenye programu ya vekta kwa vipimo vilevile, herufi kwa herufi. Lebo ya chupa, tiketi ya basi, kadi ya kipaimara, chochote.

Kwanini kukopi? Kwa sababu ukianza na ubunifu wako mwenyewe kila ukikwama unabadilisha wazo ili likuendee rahisi, unasema aah na hivi pia inapendeza, na hujifunzi kitu. Ukiwa unakopi huna pa kukimbilia. Mduara wa nembo lazima uwe mduara ule, na ile kalamu ya kwenye programu ya kuchorea mikunjo, ambayo kila anayeanza anaichukia, utaizoea tu kwa lazima.

Ukikwama tafuta video ya lile tatizo pekee, dakika tano, rudi kazini. Usifungue video ya saa tatu ya "jifunze yote". Na haya ya kukopi ni mazoezi, usiyaposti kama kazi yako wala usimuuzie mtu nembo ya mwingine, alama za biashara zinasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na mwenye nayo ana haki ya kukushtaki.

Utajua umefanikiwa siku ya 30 ukiweza kuchora upya flaya ya A5 ndani ya saa moja bila kufungua video, ukaiprinti ukaiweka juu ya ile ya asili na mistari ikakaa.

## Hatua ya 3: Herufi, na hapa ndipo Kiswahili kinakupiga chenga

Hili hutalisikia kwenye video za Wazungu. Wao wanaandika neno SALE, herufi nne, linajaa posta nzima na linapendeza. Wewe mteja wako anataka PUNGUZO KUBWA LA BEI MWISHO WA MWAKA. Maneno yetu ni marefu, na kitenzi kimoja kama tunawakaribisheni kinachukua mstari mzima peke yake. Ukichukua ule mpangilio wa kwao ukabandika maneno ya kwetu lazima ubananishe, ukibananisha herufi zinakuwa ndogo, zikiwa ndogo mwenye duka anakwambia "mbona haisomeki".

Dawa yake: kwa vichwa vya habari tumia fonti nyembamba zilizosimama, kwenye Google Fonts kuna Oswald, Bebas Neue na Barlow Condensed, zote bure na unaruhusiwa kuzitumia kibiashara. Usiikande fonti pana kwa kuivuta pembeni ili itoshee, herufi zinaharibika na mtu yeyote mwenye jicho anaona. Na jadili maneno na mteja, muulize "mama, tukiandika PUNGUZO peke yake kubwa halafu hayo mengine chini, si itasomeka?" Mara nyingi anakubali, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Angalia pia ile alama ya ng'. Kwenye fonti nyingine kile kikoma cha juu kinakaa vibaya, nyingine hazina kabisa na kinatokea kiboksi. Jaribu kila fonti mpya kwa kuandika ng'ombe na Ng'ambo kabla hujaipenda.

Fonti mbili kwa kazi moja zinatosha. Yale maandishi ya mkono ya mikunjo mikunjo waachie majina ya maharusi, usiyaandikie namba ya simu.

Utajua umefanikiwa ukiibandika kazi ukutani, ukarudi nyuma hatua nne, na mdogo wako wa darasa la tatu akaisoma kwa mpangilio uliotaka wewe.

## Hatua ya 4: Faili la kupeleka kuprinti

Hapa wanafeli wengi kuliko sehemu zote kwahiyo tutakaa kidogo.

Kazi yangu ya pili ya kulipwa ilikuwa kadi za send-off, kadi 150, mama mmoja alitaka bluu iliyokolea kama kitenge chake. Kwenye skrini ilikuwa bluu ya kufa mtu. Zimetoka zambarau. Nilimwangalia fundi, fundi akaniangalia, nikarudia kwa hela yangu yote niliyolipwa na nyingine nikakopa kwa dada. Sasa nakwambia nilichokosea ili usilipie darasa hilo mara ya pili.

Rangi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, ndio RGB. Mashine inatengeneza kwa wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ndio CMYK. Kuna rangi za mwanga ambazo wino hauziwezi, zile za kijani ya kuwaka na bluu ya umeme zinazimika. Na bluu ukiichanganya samawati asilimia 100 na majenta asilimia 100 inatoka zambarau, ndio yaliyonikuta. Majenta iache chini ya samawati kwa pointi 30 au zaidi, mfano 100 kwa 65. Weka faili kwenye CMYK tangu mwanzo. Inkscape yenyewe imezoea rangi za skrini, ukiitumia malizia kwenye Scribus, programu nyingine ya bure ya kupanga kurasa za kuprinti, au kaa na fundi abadilishe ukiwa unaona.

Na dhahabu! Kila mwenye harusi anataka dhahabu. Kwa wino wa kawaida inatoka kama haradali. Ile inayong'aa ni karatasi maalumu ya kugandishwa kwa joto na ina bei yake, mwambie mteja kabla hajalipa, sio siku ya kuchukua kadi.

Vipimo na ukingo wa kukatia. Flaya ya A5 ni milimita 148 kwa 210. Mashine ya kukata huwa inayumba kidogo, kwahiyo rangi ya nyuma iendelee nje milimita 3 kila upande, faili lako linakuwa 154 kwa 216. Usipofanya hivyo utapata kimstari cheupe pembeni, na mteja hataona kitu kingine zaidi ya hicho kimstari. Maandishi nayo yakae ndani, milimita 5 kutoka kwenye mstari wa kukata. Kadi za biashara muulize mchapaji wako kwanza, wengine wanakata 85 kwa 55, wengine 90 kwa 50.

Ukali wa picha. Kwa kitu cha kushika mkononi weka pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 300 kwa inchi, A5 hapo ni pikseli 1,748 kwa 2,480. Bango kubwa linaangaliwa kwa mbali, 100 mpaka 150 inatosha. Ila sasa mteja anakutumia picha yake ya WhatsApp yenye upana wa pikseli 1,600 anataka bango la mita 2. Piga hesabu, hiyo ni pikseli 20 tu kwa inchi, uso wake utakuwa vigae. Mwombe aitume upya kama dokyumenti, sio kama picha, WhatsApp haitaibana.

Bango la kufunga kamba pembeni linakunjwa na kutobolewa matundu, acha sentimita 5 bila maandishi kila upande. Nimeona namba ya simu imetobolewa tundu katikati ya tarakimu, duka zima halipigiwi simu.

Maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake, 100, hizo nyingine sifuri. Ukichanganya wino nne kwenye herufi ndogo zinatoka na kivuli.

Geuza herufi kuwa michoro kabla ya kutuma, maana kompyuta ya fundi haina fonti yako na itaweka nyingine yoyote inayojisikia. Inkscape ni Shift+Ctrl+C, CorelDRAW Ctrl+Q, Illustrator Ctrl+Shift+O. Lakini hifadhi kwanza kopi ambayo maandishi bado yanaharirika, ukisahau hili utaandika upya kila kitu mteja akibadilisha ukumbi, na atabadilisha.

Toa PDF, ifungue kwenye simu uikague, halafu omba fundi akuprintie moja ya majaribio kabla ya 150.

Utajua umefanikiwa fundi akifungua faili lako akaprinti bila kukupigia simu.

## Hatua ya 5: Portifolio ya kazi sita

Portifolio ni mkusanyo wa kazi zako za kuonyesha watu. Sita, sio sitini. Na acha kudizaini upya nembo ya Nike, Nike hawatakupigia.

Tembea mtaani kwenu tafuta vitu vibaya vilivyopo kweli. Menyu ya mama ntilie iliyoandikwa kwa makapeni, kibao cha duka la dawa kisichosomeka, jezi za timu ya mtaa, lebo ya yule dada anayeuza siagi ya karanga kwenye kopo la plastiki. Omba ruhusa, zitengeneze upya, zingine waprintie moja bure. Kadi ya harusi iwemo lazima, na bango kubwa moja liwemo.

Kazi ikishaprintiwa ipige picha ikiwa inatumika, asubuhi kivulini, menyu iwe juu ya meza yenye sahani ya wali. Weka ya zamani na mpya pamoja, chini andika mistari miwili tatizo lilikuwa nini. Yote itie kwenye PDF moja isiyozidi MB 5 ili mtu aifungue kwa bando lake bila kununa. Behance, mtandao wa kuonyeshea kazi za dizaini, unaweza kufungua, ni bure, ila mteja wako wa kwanza atakuona WhatsApp.

## Hatua ya 6: Mteja wa kwanza

Wengi wanatuma PDF kwenye makampuni makubwa ya matangazo, wanasubiri, wanakata tamaa. Anza kwenye kamati. Kila mtaa kuna kamati ya harusi, ya kitchen party, ya mahafali ya chekechea, na kamati zina bajeti ya kadi, na kadi yako wataiangalia watu mia mbili ambao nao wana harusi zao.

Weka WhatsApp Business yenye katalogi, na status posti kazi moja kwa siku, sio kumi kwa mpigo.

Siku hizi pia kuna wanaokuja na nembo waliyotengenezewa na AI. Usiwacheke. Ile kwa kawaida ni picha ya pikseli, ukiikuza kwenye bango inapasuka, na mara nyingi Kiswahili chake kimechapiwa. Kazi yako ni kuichora upya kwa vekta, na unalipwa.

Kabla hujafungua kompyuta muulize: ni ya nani, itaprintiwa au ya simu tu, saizi gani, maneno kamili ni yapi, na inahitajika lini. Maneno akutumie kwa kuandika. Usipokee kwa sauti, Mwanaidi utaandika Mwanahidi na bibi harusi hatakusamehe.

## Hatua ya 7: Bei na advansi

Usiulize wenzio wanacharge ngapi, piga yako. Mfano tuseme bando, umeme, nauli na msosi kwa mwezi ni 200,000, na ukijipima vizuri unaweza kumaliza kazi 10. Chini ya 20,000 kwa kazi unakula mtaji, na hapo hujaweka akiba ya kubadilisha laptopu. Bei ya kuprinti iweke mstari tofauti, na kamwe usiprinti kwa hela yako.

Nusu inaingia kwenye simu kabla hujaanza. Masahihisho mara mbili yamo kwenye bei, ya tatu analipia. Kazi ya kuonyesha itume ndogo na imeandikwa SAMPULI katikati. Kabla ya kuprinti mwambie: "Dada, soma majina, tarehe na namba za simu zote, ukiridhika niandikie nimekubali." Hilo neno lihifadhi. Siku tarehe ikiwa imekosewa mtajua nani analipa bila kugombana.

Ndugu je? Mjomba atasema "si unabofya tu hapo". Mjibu kwa adabu, "mjomba, yako nafanya bure ila kuprinti utalipa mwenyewe", moja kwa mwaka, basi.

Onyo: faili linaloharirika usitoe bure, lina bei yake tofauti.

## Hatua ya 8: Matokeo yakitoka, na kutunza kumbukumbu

Matokeo ya kidato cha nne yanatoka Januari, kidato cha tano wanaripoti Julai. Ukichaguliwa nenda, wikendi na likizo bado ni zako. Ukitaka kusomea sanaa, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo wana sanaa za ufundi, lakini popote utakapoenda fika na zile kazi sita mkononi. Ukitimiza miaka 18 na ukawa na namba ya NIDA chukua TIN, namba ya mlipa kodi, ya TRA, haina malipo, maana mashule na maofisi hawatakulipa bila hiyo. Jina la biashara sajili BRELA ukishapata wateja wa kurudia.

Na mafaili yapange. Folda ya mwaka, ndani yake folda ya mteja, ndani yake linaloharirika, la kuprinti na picha alizotuma. Jina lianze na tarehe, 2026-01-14_menyu_mamaRehema, sio "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa mwisho". Kopi moja Drive, nyingine kwenye fleshi inayolala nyumbani. Kwa sababu Desemba ijayo yule mwenye duka la vipuri ataandika saa nne usiku, "kijana ile kalenda yetu badilisha mwaka tu naitaka kesho", na inabidi uipate ndani ya dakika mbili, umtajie bei, usubiri nusu iingie ndio ufungue kompyuta.